Vyuo vya Biashara na Watu wa Magazeti



Naomba nafasi katika gazeti la chama chetu niseme juu ya jambo ambalo wengi wetu twaliona kila mwaka tusilitie maanani. Vyuo vyetu vinavyofundisha biashara, uhasibu, fedha na ushirika havijuani na waandishi wa habari. Husalimiana, ndiyo, lakini kusalimiana si kujuana.

Tazameni jinsi chuo cha biashara kinavyoonekana magazetini. Huonekana siku ya mahafali. Picha ni ile ile: mgeni rasmi katikati, Mkuu wa Chuo kuume kwake, Mwenyekiti wa Bodi kushoto, na nyuma yao safu ya majoho. Chini ya picha twaambiwa hesabu ya wahitimu, na ya kwamba mgeni rasmi aliwaasa wajiajiri wenyewe. Mwandishi amekaa juani tangu saa tatu, amepewa soda, na jioni amepewa bahasha ya nauli. Basi, hasikiki tena hata mwaka wa pili. Chuo kimefurahi kwa kuwa kimetoka gazetini, mhariri amejaza ukurasa wake, naye msomaji hakupata kitu.

Sisemi mahafali yasiandikwe. Mzazi aliyeuza ng'ombe amsomeshe binti yake uhasibu ana haki ya kuiona picha ile na kuibandika ukutani. Nasema kwamba chuo chenye walimu waliokaa na hesabu za fedha miaka 10 au 15 kina kitu kikubwa zaidi cha kuwapa watu kuliko picha ya majoho, na kitu hicho hakiwezi kuwafikia watu walio wengi ila kwa njia ya gazeti na redio.

Huenda msomaji akauliza, karani wa Ntalikwa ana nini na vyuo vya biashara? Huku kwetu kuna mashamba, mizinga na njia ya kwenda mjini Tabora, hakuna chuo. Ni kweli. Walakini jambo hili latuhusu sisi watumishi kwa njia mbili, na ya kwanza ni mshahara.

Watumishi wa vyeo vya chini twaijua vema mikopo ile iliyopewa jina la kausha damu. Mtu ana mgonjwa, au mtoto anatakiwa mchango wa shule, na mshahara uko mbali. Huenda kwa mkopeshaji wa mtaani, akamwachia kadi ya benki pamoja na namba yake ya siri, akapewa fedha. Huambiwa riba ni asilimia 20. Neno hilo halimtishi, kwa maana amezoea kusikia benki nazo zikitaja asilimia 13, au 16, au 18. Lakini benki yahesabu kwa mwaka, na yule bwana ahesabu kwa mwezi. Tufanye hesabu basi. Aliyekopa shilingi 500,000, akawa alipa riba peke yake kila mwezi bila kulipunguza deni, baada ya miezi 12 atakuwa ametoa shilingi 1,200,000, na zile 500,000 zingali zinadaiwa zote. Na kama hakulipa kitu, riba ikawa yazaa riba, mwisho wa mwaka deni litakuwa limepita shilingi 4,450,000.

Hesabu hii mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa biashara aiweza kabla ya chai ya saa nne. Lakini nisomapo habari za kausha damu gazetini, nakuta mama aliyenyang'anywa kitanda, nakuta mwalimu aliyekimbia kituo chake cha kazi, nakuta kiongozi akikemea. Ni nadra nikute hesabu. Benki Kuu ilipotangaza mwezi wa Novemba 2024 majina ya majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha kwa simu bila leseni, habari ile ilienea upesi, na ilikuwa njema. Walakini mtu aliyekwisha kukopa hakuhitaji orodha ya majina tu. Alitaka mjuzi wa kumwambia kwa Kiswahili chepesi jinsi ya kuupima mkopo wowote, wenye leseni na usio na leseni, kabla hajatia sahihi. Wajuzi hao wako. Serikali imewasomesha na yawalipa mishahara. Mwandishi hajui namba zao za simu.

Tena wenzetu walioanza kazi mapema wanaikumbuka DECI. Watu waliambiwa wapande mbegu, nao watavuna mavuno makubwa kuliko mbegu. Wakapanda: wafanya biashara wadogo, waumini, watumishi. Serikali ilipoifunga mwaka 2009, na wakurugenzi wake wakapelekwa mahakamani, watu wengi walikuwa wamekwisha kupanda wasivune. Sitaki kuwacheka, maana aliyekuwa akivuna mwanzoni alivuna kweli, na jirani yake alimwona kwa macho.

Lakini katika mchezo wa namna hii kuna hesabu ambayo mwalimu wa chuo angeweza kuieleza redioni kwa dakika 5. Chukua mtu mmoja ambaye malipo yake yatoka kwa wawili wanaoingia nyuma yake. Hao wawili watahitaji wanne, wanne watahitaji wanane, na kadhalika. Ukizidisha kwa mbili mara 26, wapya wanaotakiwa ni watu 67,108,864. Na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika Tanzania yote, watoto wa mgongoni wakiwamo. Kwa hiyo mchezo haufi kwa sababu serikali imeuonea wivu, kama walivyosema waliokuwa wakiutetea. Hufa kwa sababu watu wamekwisha. Hilo lingesemwa mapema na mtu anayeaminika, katika redio inayosikilizwa, labda wachache wangepona. Nao wachache ni watu.

Nageukia sasa zao letu la tumbaku. Mkoa wetu wa Tabora unajulikana kwa tumbaku ya kukaushwa kwa mvuke. Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui wote waijua. Kila msimu twasikia bei ya wastani kwa kilo, nayo hutajwa kwa dola za Marekani. Mkulima huisikia redioni akiwa amekaa na mkewe, huzidisha kilo zake kwa bei ile, hugeuza dola kuwa shilingi, na hapo hapo huanza kupanga bati la nyumba. Kisha fedha zikija ni kidogo kuliko hesabu yake, naye hukata shauri kwamba karani wa chama cha msingi amemwibia.

Huenda ameibiwa, mambo hayo yametokea, wala sitawatetea wezi. Lakini mara nyingi kuna mambo mengine ambayo hakuna aliyemweleza. Bei ya wastani si bei ya daraja lake: tumbaku ina madaraja mengi, na jani la chini halilipwi kama jani la katikati. Mbolea na pembejeo alizokopeshwa hukatwa kwanza. Tena wanachama wakidhaminiana, deni la mmoja aliyeshindwa huwaangukia wenziwe. Na thamani ya dola siku ya soko si lazima iwe thamani ya dola siku ya malipo. Mambo haya manne si siri ya serikali, ni somo la darasani. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kilichoanza kama Chuo cha Ushirika mwaka 1963 na kupandishwa kuwa chuo kikuu mwaka 2014, kina taasisi yake Kizumbi, Shinyanga, jirani zetu hawa. Kufundisha hesabu za vyama vya msingi ndiyo kazi yao. Na hapa Tabora tuna redio, kama Voice of Tabora na CG FM, zinazosikika vijijini ambako gazeti halifiki. Baina ya Kizumbi na studio ya Tabora hapana mto wala mlima wa kuizuia simu. Lililokosekana ni mtu mmoja wa kupiga simu na mtu mmoja wa kuipokea.

Wazee wetu wa njia ya misafara wangetushangaa. Zamani hapa Unyanyembe msafara ukiingia kutoka pwani, mizigo haijafunguliwa, watu huuliza habari. Na habari zenyewe zilikuwa za biashara: nguo gani yatakiwa, ushanga wa rangi gani umekataliwa huko mbele, pembe zina bei gani, njia gani imefungwa. Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji mwaka 1871, habari ile ilikuwa habari ya vita na habari ya soko kwa pamoja, na mfanya biashara wa Tabora au Kwihara asiyeijua alikuwa hatarini kupoteza mali na roho. Hawakuwa na chuo wala gazeti, lakini hawakutenganisha ujuzi wa biashara na upashaji wa habari kama tulivyovitenganisha sisi.

Hata katika zama za magazeti haikuwa hivi siku zote. Erica Fiah, ambaye gazeti lake la Kwetu lilianza kutoka Dar es Salaam mwaka 1937, alikuwa mwenye duka, naye miaka 3 kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuanzisha chama cha biashara cha Waafrika. Mtu yule yule aliyejua bei ya sukari kwa jumla na kwa rejareja ndiye aliyekuwa mhariri. Na chama cha watumishi alichokianzisha Martin Kayamba mjini Tanga mwaka 1922, ambacho vyama kama hiki chetu vyaweza kujihesabu kuwa wajukuu zake, kilikuwa cha makarani na walimu waliopenda kusoma magazeti na kujadiliana. Siwataji wazee hawa kwa kujisifu. Nawataja kwa sababu mtu akisema kwamba elimu ya biashara na kazi ya gazeti ni mbingu na ardhi, yafaa ajue kwamba hapa kwetu viliwahi kukaa katika kichwa kimoja.

Lipo na somo la Urambo, ambalo watu wa Tabora hatuna haja ya kusafiri mbali kulitafuta. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, ikitaka kulima ekari zaidi ya milioni 3. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, fedha zilizopotea zikiwa kama pauni milioni 36. Magazeti ya Uingereza yaliushangilia mwanzoni, yakaucheka mwishoni, na maswali makali yaliulizwa fedha nyingi zikiwa zimekwisha kutumika. Karanga zile zilikataa, ndipo Urambo ikageukia tumbaku. Huona ajabu kwamba zao ambalo hata leo hatujui kulitangazia bei yake lilianza pale pale ambapo hesabu za karatasini zilishindwa.

Sasa, kwa nini chuo na gazeti havijuani? Nimesikia waandishi wakivilaumu vyuo, na walimu wa vyuo wakiwalaumu waandishi, nami naona kila upande una haki kidogo.

Walimu husema mwandishi huja bila kujiandaa, huuliza jambo asilolijua, kisha huandika kinyume cha alichoambiwa. Mwalimu amesema bei yaweza kushuka kama mambo fulani yatatokea. Kesho yake kichwa cha habari chasema: Msomi atabiri bei kuporomoka. Mkuu wake wa kazi amwita ofisini. Baada ya hapo hataki tena kusikia jina la gazeti, na nani atamlaumu? Tena walikuwa na sababu ya kuogopa. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2018, kutangaza takwimu za kuzipinga au kuzipotosha zile za serikali kulifanywa kuwa kosa la jinai. Mwaka 2019 Bunge liliirekebisha sheria ile tena, na kosa hilo likaondolewa. Walakini hofu haifutwi na Bunge. Wako walimu hata leo ukiwauliza kiasi cha mfumko wa bei watatazama mlango kwanza.

Waandishi nao husema chuo hakijibu. Na hapa ndipo palipo na ile njia ya pili ambayo jambo hili latuhusu sisi.

Mtangazaji mmoja wa hapa Tabora alinisimulia jinsi alivyopiga simu katika chuo fulani, ambacho sitakitaja, apate mwalimu wa kueleza mambo ya dola na tumbaku. Simu ilipokelewa na karani. Karani, kwa adabu kamili, alimwambia aandike barua kwa Mkuu wa Chuo, yenye anwani, tarehe, kumbukumbu namba, na YAH. chini yake mstari. (Sisi tuliosoma shule za misheni twaipenda sana barua ya namna hiyo, tulipigwa fimbo kwa ajili yake.) Akaandika. Barua ikaenda masjala, ikafunguliwa jalada, ikapanda kwa Mkuu, ikashuka kwa Mkuu wa Idara, ikapanda tena. Jibu lilikuja baada ya siku 23, nalo lilikuwa jibu zuri, limepigwa chapa safi, lasema mwalimu fulani ameruhusiwa kuzungumza. Soko alilotaka kulieleza lilikuwa limefungwa, na wakulima wamekwisha kulipwa na kugombana.

Karani yule hakufanya kosa lo lote la kazi. Alifuata alivyofundishwa. Tena Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 yatoa siku 30 za kumjibu mwombaji, na siku 23 ziko ndani yake. Lakini mwandishi wa redio ana saa, hana siku. Habari yake yatoka saa moja jioni. Ikipita hapo, ataweka wimbo. Na asipompata mjuzi, atamweka asiye mjuzi, maana kipindi hakiwezi kukaa kimya. Ndivyo watu wanaouza ndoto za kupanda na kuvuna wanavyoingia studioni: hao hupatikana saa zote, hujibu simu mlio wa kwanza, na hawadai barua.

Kwa hiyo nasema mlango wa chuo haushikwi na Mkuu wa Chuo. Washikwa na sisi: karani wa mapokezi, mhazili wa Mkuu, mtu wa masjala, na Afisa Uhusiano pale alipo. Mimi sitaki karani aruke mamlaka ya wakubwa wake. Mwalimu wa chuo cha umma ni mtumishi wa umma, naye hasemi na magazeti kwa niaba ya ofisi bila ruhusa. Utaratibu huo una maana yake. Dawa ni ruhusa itolewe mapema. Mkuu wa Chuo akae na wakuu wa idara asubuhi moja tu mwanzoni mwa mwaka, waandike majina: huyu ajua mikopo midogo, huyu kodi, huyu hesabu za ushirika, huyu bei za mazao, huyu bima. Kila mmoja apewe ruhusa ya maandishi kuzungumza juu ya somo lake, si juu ya siasa ya chuo wala juu ya waziri. Orodha hiyo iwe juu ya meza ya karani, na nakala yake ipelekwe klabu ya waandishi wa habari ya mkoa. Simu ikilia, karani atazame jina, ampigie mwalimu, amrudishie mwandishi jibu kabla ya saa nane mchana. Kazi yenyewe ni kama dakika 10.

Tena mwalimu aliyeorodheshwa akubali kusema kwa Kiswahili. Najua hili ni gumu kwa wengine. Wamesoma kwa Kiingereza, wameandika vitabu vya shahada kwa Kiingereza, na ukiwauliza mtaji mzunguko ni nini, hukwama na kuomba radhi. Makala nyingi za wasomi wetu hutoka katika majarida ambayo mkulima wa Ntalikwa hatayaona hata kwa ndoto. Hata mtandao wa The Conversation, ambao ulifungua ofisi yake ya Afrika mwaka 2015 mjini Johannesburg ili wasomi waandike kwa lugha nyepesi pamoja na wahariri, kazi yake kwetu huku husomwa zaidi na wenye Kiingereza. Si vibaya. Lakini bei ya tumbaku na riba ya kausha damu hujadiliwa kwa Kiswahili na Kinyamwezi, na huko ndiko mjuzi anakohitajiwa.

Upande wa waandishi nao wahitaji kusomeshwa, na jambo hili limekwisha kujaribiwa kwa jirani zetu. Mwaka 2014 taasisi ya hisani ya Michael Bloomberg, tajiri wa Marekani mwenye shirika la habari za fedha, ilianzisha mpango wa kufundisha uandishi wa habari za fedha katika Kenya, Nigeria na Afrika Kusini. Mjini Nairobi walishirikishwa Chuo Kikuu cha Nairobi na Strathmore Business School, yaani mafunzo hayakuachwa kwa walimu wa uandishi peke yao. Chuo cha biashara kilikuwa ndani. Na waliofundishwa hawakuwa waandishi tu: walikuwamo na watumishi wa serikali na wa vyama vya kiraia. Naipenda sana sehemu hiyo ya pili. Mwandishi na mtumishi wakikaa dawati moja wakasoma kuisoma mizania ya kampuni, siku mwandishi akipiga simu ofisini hatapokelewa kama adui.

Sisi hatuna tajiri wa Marekani. Lakini tunacho Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino huko Mwanza, kilichoanza Nyegezi mwaka 1960 chini ya Maaskofu Katoliki na kuwa chuo kikuu mwaka 1998. Hapo uandishi wa habari na biashara hufundishwa katika chuo kimoja, na mtoto wake, Chuo cha Askofu Mkuu Mihayo, yuko hapa hapa Tabora. Mwanafunzi wa uhasibu na mwanafunzi wa uandishi wakipeana namba za simu wangali vijana, chuo hakitahitaji barua miaka 10 baadaye. Kadhalika Chuo cha Elimu ya Biashara, kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1965, kina tawi Mwanza. Siku mbili za mafunzo kwa waandishi wa Kanda ya Ziwa na Magharibi kila mwaka hazingekishinda.

Juu ya bahasha nitasema kidogo, maana najua nitachukiwa. Chuo kinachompa mwandishi bahasha siku ya mahafali hujiona kimejenga urafiki. Hakikujenga. Kimemfundisha kwamba habari ya chuo ni bidhaa inayolipiwa, na siku chuo kitakapokuwa na habari ya maana lakini hakina fungu la bahasha, hakuna atakayekuja. Tena siku fedha za chuo zitakapopotea, mwandishi yule ama atanyamaza kwa ajili ya bahasha, ama atakuja kudai bahasha kubwa zaidi. Maadili ya Baraza la Habari yakataza mwandishi kupokea kitu ili aandike au asiandike. Kama chuo kinamwonea huruma mwandishi wa mkoani, ambaye kweli analipwa kidogo na mara nyingi halipwi mpaka habari yake itoke, na kimpe nafasi ya bure katika kozi ya jioni ya hesabu. Hiyo ataitumia miaka 20.

Na mwandishi naye akubali kwamba siku nyingine ataandika jambo chuo kisilolipenda: ada zimepanda, wahitimu hawana kazi, hesabu za chuo zimetiwa shaka na Mkaguzi Mkuu. Siku hiyo simu ipokelewe vile vile. Hapo ndipo utakapojua kama palikuwa na ujirani au palikuwa na soda tu.

Nami naleta ombi kwa chama. Tawi letu la Tabora lina wenzetu wanaofanya kazi katika vyuo, tena lina wenzetu waliopita Chuo cha Utumishi wa Umma, tawi la Tabora, ambacho wazee bado wakiita Chuo cha Uhazili. Chuo hicho ndicho kinachofundisha makarani na wahazili wa nchi hii jinsi ya kupokea mgeni, kupokea simu na kutunza majalada. Naomba Katibu wetu awaandikie, barua yenye YAH. kwa mara hii, awaulize kama somo la kupokea simu ya mwandishi wa habari laweza kuwekwa katika mafunzo yao, na kama waandishi wawili watatu wa Tabora waweza kualikwa wakalieleze darasani wenyewe. Kadhalika Katibu aiandikie taasisi ya Kizumbi kuomba majina ya walimu wawili wanaojua hesabu za vyama vya msingi na walio tayari kusema redioni kwa Kiswahili. Mimi niko tayari kuipiga chapa orodha hiyo na kuipeleka studioni kwa baiskeli.

Mvua zikikatika, masoko ya tumbaku yatafunguliwa. Yafaa barua hizo ziende kabla ya hapo.

Karani,
Ntalikwa, Tabora